Kaburi la Mzungu Ambaye Hakuzaliwa

Alhamisi, Julai 2007. Moshi mjini, saa kumi jioni.

Leo ni siku ya nne mlima haujaonekana. Baridi ya Julai imekaa kwetu Uru, huko mlimani, kama mgeni asiyejua kuaga, na ukungu umeshuka mpaka huku mjini. Ninaandika haya kwenye kafe ya intaneti karibu na stendi. Mama mwenye kafe, Mhindi mmoja mstaarabu sana, aliangalia kibodi yake, akaangalia vidole vyangu, kisha akaniletea kitambaa.

Nimefuta. Tope la kwenye kucha limebaki.

Wanaonijua wanajua kwamba Gaspa si mtu wa kutishika. Nimefika kileleni mara ambazo nimeacha kuhesabu. Nimeona Mombasa, Nairobi na Lusaka. Nimelala juu ya magunia ya vitunguu kwenye lori lililokatika breki, na nikaamka wa kwanza kuuliza chai iko wapi. Naongea lugha sita, ingawa nne kati ya hizo ni za kuulizia watu kama wamechoka. Shule niliishia kidato cha kwanza, lakini walimu wenyewe wanakuja kwangu kuuliza habari za dunia.

Leo nataka kukiri kitu. Nakiri kwa maandishi, kwa sababu kwa mdomo nimeshakiri mbele ya wanaume kumi na tisa na hakuna hata mmoja aliyeniamini.

Mwanzo wake ni yule nahodha Mreno. Jina lake silitaji, kila aliyefika darasa la tano analijua na alichapwa kwa ajili yake. Miaka ya tisini, wageni walipoanza kumiminika, mimi nilianza kuwatembeza wale wasiopanda mlima: wazee, wenye magoti mabovu, wenye wake waliokataa. Nawapeleka Uru kuona kahawa na migomba, tunafuata mto mpaka kwenye maporomoko, wanakunywa mbege kidogo, pombe yetu ya ndizi, wanakunja uso, tunarudi. Sasa mzungu ukimwonyesha mto lazima atauliza: nani aliuona kwanza? Ukimwambia babu yangu, anatabasamu, halafu anauliza tena.

Basi nikamleta Mreno. Nikawaambia alitoka Malindi, akapanda kwa miguu, akafika hapa hapa Uru, akanywa maji ya mto huu kwa kofia yake. Nilikuwa nasimulia vizuri, haki ya Mungu, mpaka kofia ilikuwa inadondosha maji.

Siku moja kwenye kundi akawamo bibi mmoja mwalimu wa historia. Alinisikiliza hadi mwisho, tena kwa upole. Kisha akanieleza mbele ya wenzake kwamba yule Mreno hakuwahi kuacha pwani. Alifika Malindi, akapewa rubani wa kumwonyesha njia ya bahari, akasimamisha nguzo ya jiwe, akaenda zake India. Mlima wetu hata kivuli chake hakukiona.

Niliona aibu ambayo sijawahi kuona tangu nizaliwe. Nilicheka, lakini masikio yalikuwa ya moto.

Usiku ule nikapata akili. Tatizo la Mreno ni kwamba ana walimu. Mimi nilihitaji mtu ambaye hana mwalimu duniani isipokuwa mimi. Ukutani kulikuwa na kalenda ya watakatifu kutoka parokiani. Nikafumba macho, nikaweka kidole, nikapata Otmari. Nikamvika ukapteni. Kapteni Otmari, mpelelezi wa mito.

Nilimtengeneza kinyume cha Mreno kwa kila kitu, makusudi, ili nisije nikashikwa tena. Mreno alipita baharini, Otmari akapita mtoni. Mreno aliomba rubani, na mtu wetu wa pwani akamfikisha salama, ingawa kitabu kinamsifu yeye. Otmari alikataa kiongozi, alisema mto wenyewe ndio kiongozi. Hapo nilikuwa nanyamaza kidogo ili wageni watafakari umuhimu wa kiongozi na bahashishi yake. Mreno alikuwa na merikebu na mizinga. Otmari alikuwa na mwavuli, birika la chai, na mtumbwi uliobebwa vichwani na watu wanne, kwa sababu mto wenyewe, kule juu, mbuzi anauruka. Wageni wanacheka hadi wanakaa chini. Kwa Wajerumani alikuwa Mjerumani, kwa Waholanzi Mholanzi. Kwa Wamarekani alikuwa Mwingereza, maana nimegundua Wamarekani wanafurahi Mwingereza akishindwa.

Na tofauti kubwa kuliko zote: Mreno alikuwa mkatili. Huyo bibi mwalimu ndiye aliyeniambia, kwamba aliwahi kuchoma meli yenye mahujaji, na wanawake na watoto wao ndani. Otmari wangu hakumwonea mtu. Nilimfanya mpole, anasalimia hata mbwa. Mvua ya masika ikamnyeshea siku tisa, akafa kwa homa kabla hajafika chanzo cha mto.

Hapo nilipaswa kumwacha. Hadithi imeisha, twende tukanywe chai.

Lakini mgeni mmoja akauliza: amezikwa wapi?

Mwaka 1996 nikamzika. Kando ya mfongo wetu, yaani ule mfereji waliouchimba mababu kuleta maji kutoka mtoni hadi vihambani, kwenye mashamba yetu ya nyumbani, kuna mahali pa mawe mawe pasipolimwa. Nikapanga mawe urefu wa mtu. Sikuchimba. Niliinua mawe na kuyapanga, basi. Lakini rundo la mawe tu si kaburi, mgeni haoni kitu. Nikaenda mpakani mwa kihamba changu, nikang'oa mche wa sale, nikaupanda kichwani pake.

Kwa asiye wa kwetu: sale ni mmea wa majani marefu, hauna ua la maana, mbuzi wenyewe hawautaki. Lakini ukipanda mpakani, mpaka hauguswi. Ukimkosea mtu hata kwa damu, ukamletea jani la sale, hawezi kukataa kukusamehe. Na ukipanda kaburini, umesema: hapa kuna mtu, na mtu huyu ana watu wake. Kwa sale hakuna kudanganya. Hata mlevi anajua.

Mimi nilijua, nikapanda, kwa sababu ya picha.

Mara ya kwanza niliona mabadiliko baada ya miaka kama mitatu. Wanawake wanaorudi na majani ya ng'ombe walikuwa wanashuka njiani wakifika pale, wanapita chini kwenye matope, wanarudi njiani mbele. Sikuwaambia wao chochote. Hadithi ilikuwa ya Kiingereza, ya wageni. Nikacheka, nikasema uongo wangu umeota miguu.

Kisha nikamsikia mzee mmoja kilabuni akisema kwamba yule mzungu wa mfongo, ukipita jioni, unamsikia akikohoa.

Mimi sikuwahi kumpa kikohozi.

Mwingine akadakia kwamba ni kweli, alikohoa tangu akiwa hai, bibi yake alimwona. Alipita nyumba hadi nyumba akiomba maji ya moto kwa ajili ya kifua. Akataja nyumba iliyomnyima. Nilishika kibuyu changu cha mbege nikaacha kunywa. Bibi wa huyo mtu alikufa kabla mimi sijazaliwa, na mimi nilimtengeneza Otmari nikiwa na miaka ishirini na saba. Labda nyuzi za hadithi zilichanganyika. Labda alipita kweli mzungu mwingine zamani, wamisionari walikuwa wengi. Nilijiambia hivyo njia nzima, na nilipofika pale kwenye mawe, mimi Gaspa, nilishuka njiani nikapita kwenye matope.

Sasa nyumba iliyotajwa. Ni nyumba ya Mama Aurelia.

Mama Aurelia ni mjane, jirani yangu wa nyumba ya tatu kuelekea chini. Mumewe alifariki miaka sita iliyopita, watoto wawili wako Dar, Aurelia mwenyewe ameolewa Mwika. Ana kihamba kidogo, migomba, kahawa aliyokataa kuing'oa wakati sisi wengine tulishakata tamaa na bei, na ng'ombe mmoja ambaye ukimsikia anavyoongea naye utadhani ni mke mwenza. Masika ya mwaka huu udongo uliporomoka ukafukia tawi la mfongo linalompelekea maji. Kufukua lile haiwezekani, mteremko wote umekwenda. Ilibidi kuchimba njia mpya, na njia mpya ina mahali pamoja tu pa kupita bila kupanda juu.

Pale pale kwenye mawe yangu.

Tangu Mei watu wakawa wanaahirisha. Mara mvua, mara msiba, mara mahindi ya tambarare kule Mabogini. Migomba yake ikaanza kukunja majani. Juni nikamwona anabeba maji ya mtoni kichwani kunyweshea miche ya kahawa, mwanamke wa miaka sitini na kitu, ndoo kwa ndoo. Nikamuuliza mmoja wa vijana wa kuchimba, jitu la miraba minne linaloitwa Sirili, kwa nini hawaendi. Akaangalia pembeni.

"Kaka Gaspa, maji yenyewe yamemkataa yule mama. Nyumba yake ilimnyima mtu maji. Sasa mtu yule naye amelala njiani, kamnyima. Sisi tuingilie ugomvi wa watu?"

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Nilidhani Mreno ndiye mkatili na wangu ndiye mpole. Mpole wangu alikuwa anamkausha mjane wa watu, polepole, bila hata kuwepo.

Jumamosi iliyopita watu wa mfongo walikutana pale banioni, mahali maji yanapoingia kutoka mtoni. Walikuwa wanaume kumi na tisa na Mama Aurelia, ambaye alikuja bila kuitwa, akakaa juu ya jiwe na kanga zake mbili. Mkuu wa mfongo wetu ni Meku Fulgensi, meku kwetu ni mzee wa heshima, mtu mfupi mkavu mwenye koti la suti alilopewa na mkwewe, anapanga zamu za maji kwa kichwa bila daftari na hajawahi kukosea. Nilisimama. Nikavua kofia.

Nikawaambia yote. Mreno, bibi mwalimu, kalenda, kidole, mtumbwi, birika. Nikawaambia mawe niliyapanga mimi, sale niliing'oa mpakani kwangu, shimo lake hadi leo linaonekana. Nikasema nyumba ya Mama Aurelia haikumnyima mtu kitu, kwa sababu mtu hakuwepo wa kunyimwa.

Nilitegemea matusi. Nilikuwa nimejiandaa hata kwa fimbo.

Walikuwa wananiangalia kwa huruma.

"Gaspa," alisema Meku Fulgensi, "unampenda huyu mama, ni jambo jema. Lakini usimkane marehemu kwa ajili yake."

"Meku, marehemu gani? Nimemtunga mimi, kwa kichwa hiki."

"Kichwa hicho," alisema Sirili nyuma yangu, "kilishindwa kutunga barua ya kuomba kazi, tukakuandikia."

Watu wakacheka, na mimi nilicheka, maana ni kweli. Lakini nikaona wanacheka huku hawageuki kuangalia upande wa mawe.

Ndipo Mama Aurelia akaongea, taratibu, kama mtu anayeeleza bei ya ndizi. Alisema tangu Mei kila jioni anapeleka kikombe cha maji ya moto pale kwenye sale, kwa niaba ya nyumba ya mume wake, kuomba radhi. Kila asubuhi anakikuta kitupu.

"Mbwa," nilisema.

"Kimefunikwa mdomo chini, baba. Juu ya jiwe. Kama mtu aliyemaliza."

Maji yalikuwa yanapita banioni. Mama Aurelia akaniangalia kwa macho yasiyo na lawama hata kidogo, na hilo ndilo lililonimaliza. Kama angenitukana ningelala vizuri.

Nikasema kwa mara ya mwisho kwamba hayupo. Meku Fulgensi akakuna kidevu.

"Sawa. Hayupo. Basi kumwomba apishe kuna hasara gani?"

Nilitafuta jibu kwa lugha zote sita.

Ikaamuliwa Jumatatu asubuhi niende na jani la sale na mbege, mimi mwenyewe, kwa kuwa mimi ndiye niliyempandia sale, nimwombe radhi nimwombe na njia. Nikikubaliwa watachimba.

Jumatatu ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba watu waliokuja nyuma yangu niliwasikia tu, majembe yakigongana. Nilikuwa nimejiambia ni mchezo, nitauigiza, mbona wageni nawaigizia kila wiki. Nikashika jani kwa mikono miwili. Nikasema, Kapteni Otmari, mimi Gaspa nimekuja.

"Hatuiti mtu kama kuku," Meku Fulgensi alisema pembeni yangu. "Mwite kwa baba yake."

Nilikwama.

Miaka kumi na moja yote, nilimpa mwavuli, nilimpa birika, nilimpa homa. Sikuwahi kumpa baba. Yule Mreno katili, hata yeye alikuwa na baba, alikuwa na kwao. Alikufa India kwa ugonjwa, lakini watu wake walikuja baadaye wakaichukua mifupa yake wakaipeleka nyumbani. Huyu wangu niliyemwita mpole nilimweka barabarani akiwa hana wa kumfuata. Nilisimama na jani mkononi nikaona ni kweli jambo hili si zuri kumfanyia mtu. Awe yupo, asiwepo.

Nyuma yangu majembe yalinyamaza. Wanasubiri. Mdomo wangu ukafunguka, na haki ya Mungu sikuuamuru.

"Otmari wa Mikaeli."

Mikaeli ni baba yangu mimi.

Nilisikia Meku Fulgensi akivuta pumzi. Nikamwaga mbege, nikaweka jani, nikaomba radhi kwa yote, nikamwomba asimshike huyu mama kwa kosa lisilo lake, nikamwomba apishe maji. Sikuigiza hata neno moja. Halafu tukasubiri. Sijui tulisubiri nini. Ukungu ulisogea kidogo, kama mtu anayehamisha mguu, ukarudi.

"Chimbeni," alisema Meku.

Sirili akatoa mawe. Akainua jembe, akapiga kwa nguvu zote, kwa sababu pale ni mwamba mtupu, kila mtu anajua, ndiyo maana hapalimwi. Jembe likazama hadi kwenye mpini. Nusura aanguke usoni.

Ulikuwa udongo laini. Mweusi, wa kihambani, kama uliochimbwa na kurudishwa. Walipotoa, kingo zilionekana zenyewe, mwamba huku na mwamba huku, na katikati nafasi. Urefu wa mtu mrefu. Kina cha kiunoni. Niliwaambia tena, kwa sauti niliyoitambua kwa shida, kwamba mimi sikuchimba hapa, nilipanga mawe juu tu. Safari hii waliniamini.

Ndani hamkuwa na kitu. Hamna mfupa, hamna kifungo cha shati. Labda ni fuko, wanyama wale wanachimba sana. Labda zamani mtu alitafuta mizizi ya dawa. Nimewaza labda nyingi na bado naendelea.

Wakaunganisha mfereji pande zote mbili, maji yakafunguliwa. Yalifika pale yakaingia ndani ya ile nafasi na hayakutoka. Tulisimama tukiyaangalia yanazunguka polepole, yanapanda, yanabeba vijiti. Ilichukua muda mrefu kuliko shimo lile linavyostahili. Mama Aurelia alikuwa upande wa pili, mkono mdomoni. Kisha yakafika ukingoni, yakatetemeka, yakapita. Mama wa watu alitupa kanga begani akaanza kutembea mbele ya maji, halafu kukimbia, akiyaondolea majani njiani kwa mikono, hadi ukungu ukammeza. Tukasikia ng'ombe wake kule chini analia.

Nilidhani tumemaliza. Nikakaa chini nikajipangusa.

"Sasa Gaspa," alisema Meku Fulgensi, "sale yako utaihamisha leo. Mwana wa Mikaeli hawezi kukaa kwenye mfereji."

Nikahamisha. Nikachota na udongo kidogo, nikaufunga kwenye jani la mgomba, kama walivyoniagiza, nikaupeleka nyuma ya nyumba yangu alipolala baba. Mke wangu alitoka jikoni na mwiko mkononi, akaniangalia ninavyochimba.

"Umeleta mgeni bila kuniambia?"

"Si mgeni. Ni shemeji yako."

Alifikiri kidogo, akasema basi nisimweke karibu na banda la kuku. Akarudi jikoni. Chakula cha jioni kilikuwa kingi kuliko kawaida na sikuuliza.

Jumanne Meku Fulgensi akatangaza zamu. Kwenye mfongo wetu maji yanagawanywa kwa nyumba na kwa watoto wa kiume wa nyumba hiyo, na kila mwenye zamu ana kipande chake cha kufyeka na kusafisha. Nyumba ya Mikaeli, alisema, ilikuwa na mmoja, sasa ni wawili. Kuna mtu alinung'unika, mzungu apewe maji kwa lipi. Meku akamjibu kwamba hapa hajamtaja mzungu yeyote, ametaja mtoto wa Mikaeli, na kama kuna anayebisha aende akambishie mwenyewe.

Hakwenda mtu.

Mimi nilisimama nikasema zamu ya ndugu yangu, ya Alhamisi asubuhi, inakwenda kwa Mama Aurelia mpaka tawi lake litakapopangiwa zamu yake lenyewe. Niliona hilo ndilo pekee ninaloweza kulirudisha. Mama Aurelia alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Aika," alisema. Kisha akasema ahsante nyingine, akiangalia kidogo pembeni yangu, usawa wa bega, pale ambapo mtu mrefu angekuwa amesimama. Nilijizuia kugeuka.

Leo ndiyo Alhamisi ya kwanza.

Nilipanda na jembe na panga saa kumi na mbili na nusu, kumekucha, ukungu mweupe. Kazi ni ndogo: pale tawi linapogawanyika kuna kizibo cha vipande vya mgomba na tope, unakitoa, maji yanageuka kwenda kwa Mama Aurelia, saa sita mchana unarudisha.

Kizibo kilikuwa kimetolewa. Vipande vya mgomba vilikuwa vimepangwa ukingoni kwa urefu, sawasawa, kikubwa chini kidogo juu. Tope lilikuwa bichi, ndilo hili lililoko kwenye kucha zangu, maana niliingiza vidole kuhakikisha. Maji yalikuwa yanakwenda chini kwa utulivu.

Nilishuka mbio kwa Meku Fulgensi. Alikuwa anavaa viatu, hajatoka. Nikaenda kwa Sirili, mkewe akaniambia amelala mjini. Mama Aurelia nilimkuta katikati ya migomba yake, miguu ndani ya maji, uso umejaa furaha. Akanishukuru kwa kuamka mapema vile. Yalimfikia, alisema, kabla jogoo hajawika. Nikasema karibu, mama.

Nikarudi juu. Kipande chetu cha kusafisha, mimi na ndugu yangu, kinaanzia pale kwenye mgawanyiko hadi kwenye daraja la mti, mita kama arobaini, majani yamefika magotini. Meku ametugawia katikati na kuweka jiwe. Nilifyeka upande wangu wote, taratibu, nikitega sikio. Sikusikia kikohozi wala hatua, nilisikia panga langu tu na maji.

Upande wake sikuugusa. Nina nguvu za kufyeka yote, kila mtu anajua nguvu zangu, lakini niliacha majani yamesimama pale pale kwenye jiwe, nikaondoka bila kuangalia nyuma.

Alhamisi ijayo nitapanda tena. Naomba Mungu niyakute bado yamesimama.